Fundi Akija, Ufunguo Ubaki kwa Mwanafunzi

Mwaka niliokabidhiwa klabu ya maigizo ya skuli yetu, hapa Wete, nilikodi fundi wa muziki nikamwachia kila kitu. Akaja na spika zake, akakaa kwenye miksa, ile mashine ya kuongozea sauti, wanafunzi wangu wakawa watazamaji. Katikati ya onyesho simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea. Mfalme akaingia jukwaani, midomo inakwenda, sauti hakuna. Vijana wanne wamesimama mbele ya miksa na hakuna anayejua kitufe cha mfalme ni kipi.

Tangu hapo kabati letu la vifaa lina funguo mbili. Mmoja uko kwa mwalimu mkuu, wa pili anao mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu. Wa kidato cha nne simpi, mitihani itamchukua. Mwenye ufunguo ndiye mwenye daftari: waya ngapi zimetoka, ngapi zimerudi, ipi imeshika kutu kwenye ncha (chumvi ya hewa yetu haina huruma). Fundi akitaka waya, amwombe yeye. Hata mimi namwomba.

Fundi mwite siku tatu kabla, si saa tatu kabla, na umwambie wazi kwamba kazi yake ni kufundisha. Kwenye miksa uwepo mkono wa mwanafunzi tu. Bandika utepe mweupe chini ya vitufe, aandike mwenyewe: "Mfalme", "Mama", "Ngoma". Zoezi la mwisho, fundi mkalishe kiti cha nyuma kabisa. Watakosea. Waache wakosee.

Kwenye umeme msimamo wangu ni mwengine. Chochote kinachotaka bisibisi ni cha fundi umeme, mwanafunzi hagusi. Yeye ana hesabu: plagi ya ampia 13 kwa volti 230 haifiki wati 3,000. Taa nne za wati 500 zishakula 2,000. Mzazi mmoja, kwa wema wake, alichomeka birika la chai la wati 2,000 kwenye ekstensheni hiyohiyo. Fyuzi ikakatika, jukwaa likaingia giza. Siku hizi kijana wa taa anakaa hapo hapo, na ana ruhusa yangu ya kusema, "Samahani mzee, hapa hapachomekwi kitu." Ekstensheni ya kuzungusha nayo ifunguliwe yote, ikibaki imeviringwa hupata moto.

Vimaiki vya kubana nguoni vina adabu yake. Msichana avalishwe na msichana mwenzake, nyuma ya pazia; fundi aeleze kwa mdomo tu. Ukikiweka chini ya mtandio, kitambaa hukwaruza na ukumbi mzima husikia. Kitokeze kidogo kwenye ukingo, karibu na shavu, ukishike kwa plasta, waya upite nyuma ya sikio. Betri mpya kila onyesho, za jana ni za mazoezi.

Malipo mkubaliane mapema, na nauli ndani yake. Adhana ikilia, spika zizimwe.

Onyesho likisha, fundi haondoki mpaka mwenye ufunguo amalize kuhesabu. Mwaka jana waya yetu moja ilikutwa ndani ya begi la fundi, na mbili zake kabatini mwetu. Zote nyeusi, nani angejua? Sasa za skuli tumezifunga vipande vya kanga nyekundu.