Namna ya Kuchagua Gari la Kazini Litakalokufikisha Pia Mlimani na Ufukweni

Anza kwa karatasi kabla ya kufungua tovuti yoyote ya wauzaji wa magari ya Japani. Andika mahali unakokwenda kweli, si unakotamani kwenda, kisha mbele ya kila jina andika hali ya kilomita chache za mwisho, kwa sababu ndizo zinazoamua gari. Mkazi wa Dar es Salaam anayependa kupanda milima anaweza kushangaa akigundua kwamba sehemu kubwa ya orodha yake inafikika kwa gari dogo. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kwa mfano, hutembelewa kwa miguu. Gari linaishia Mang'ula, kwenye lango la hifadhi, na kazi iliyobaki ni ya mwenye buti na mkoba. Lango la Marangu, chini ya Kilimanjaro, linafikiwa kwa lami. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni lami pia, ingawa kona zake zinadai breki nzima, ila ukiendelea kupanda kuelekea vijijini utakutana na udongo mwekundu unaoteleza vibaya mvua ikinyesha. Saadani kuna udongo mweusi wa mbuga, na fukwe za Kigamboni zina mchanga laini. Udongo huo na mchanga huo ndivyo vinavyomeza magari, na kama havimo katika karatasi yako, usikubali kuuziwa gari lililotengenezwa kwa ajili ya hali hizo.

Jambo la pili la kuandika ni siku za kazi. Gari hili litakaa kwenye foleni asubuhi na jioni mara nyingi zaidi kuliko litakavyoona mlima, na mafuta ya foleni hayalipwi na Jumamosi moja nzuri. Ndiyo maana simshauri mtu anayesafiri mara moja kwa mwezi anunue Land Cruiser Prado ya petroli ya cc 2693, hata kama bei yake ya Japani inavutia. Ni gari imara, hakuna ubishi, lakini mwenye nalo huanza kuahirisha safari kwa kuogopa gharama ya mafuta, na hapo gari linakuwa limeshindwa kazi aliyolinunulia.

Ukishajua njia zako, angalia kimo cha gari kutoka ardhini. Kwa barabara za vumbi zenye makorongo madogo, gari lenye milimita 180 hadi 200 linatosha dereva mtulivu. Suzuki Jimny ya kuanzia 2018 ina karibu milimita 210, na Subaru Forester iliyotoka mwishoni mwa 2012 ina 220. Hata hivyo usisome namba hiyo peke yake. Namba hupimwa gari likiwa tupu, na ukipakia watu wanne, hema, maji na jiko, sehemu ya nyuma inashuka, hasa kama springi na shokapu zimechoka. Chuchumaa mwenyewe uangalie kitu kinachoning'inia chini kuliko vingine, ambacho mara nyingi ni egzosi au sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, kisha uangalie urefu wa bampa za mbele na nyuma. Gari lenye bampa ndefu ya mbele hugonga pua kwenye kila mtaro hata kama tumbo lake liko juu, na ukifunga kibebeo cha baiskeli nyuma, tatizo hilo unalihamishia upande wa pili.

Kuhusu gari kusukumwa na magurudumu yote manne, maneno mawili ya nyuma ya gari, "4WD" au "AWD", hayatoshi kukueleza unachonunua. Magari kama Toyota RAV4 ya kuanzia 2005 huendeshwa na magurudumu ya mbele, na nguvu hupelekwa nyuma pale ya mbele yanapoanza kuteleza. Mfumo huo unafaa sana kwa tope fupi na kwa mteremko wenye kokoto, na hauongezi mafuta mengi, lakini ukiulazimisha kwenye mchanga mrefu hupata joto na kujizima kwa muda ili usiungue. Nissan X-Trail ya aina hiyo ina kitufe cha kufunga mgawanyo wa nguvu, jambo linalosaidia kwenye mwendo mdogo. Subaru hupeleka nguvu kwenye magurudumu yote muda wote, kwa hiyo haisubiri kuteleza. Kundi la mwisho ni la magari yenye gia nzito za ziada, zinazooneshwa kwa alama ya 4L: Jimny, matoleo mengi ya Suzuki Escudo ya kizazi kilichoanza 2005, na Prado. Gia hizo ndizo zinazokuwezesha kupanda mlima wa mawe polepole bila kuchoma klachi, na kushuka bila kukanyaga breki hadi zinuke. Kumbuka tu kwamba kwenye Jimny magurudumu manne hayaunganishwi ukiwa kwenye lami kavu, kwa kuwa ekseli za mbele na nyuma huzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona, na bila mtelezo wowote mfumo hujikaza hadi kuvunjika kitu.

Kwa maoni yangu, Escudo ya cc 1995 ni chaguo lililosahauliwa katika mjadala huu. Ina 4L, ina milango mitano, na si kubwa kiasi cha kukusumbua kuegesha Kariakoo. Hoja ya cc nayo si ndogo: nchini Tanzania ushuru wa bidhaa hupanda injini inapovuka cc 2000, na Escudo ileile ilitoka pia na injini ya cc 2393. Umri nao unatozwa, kwani gari la abiria lililozidi miaka 8 huongezewa tozo, na likizidi miaka 10 tozo hiyo hupanda tena. Ingiza aina, mwaka na cc kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) wa kukokotoa kodi za magari yaliyotumika kabla hujatuma hata shilingi, maana tofauti ya toleo moja na lingine inaweza kulipia matairi mapya yote. Kwa msomaji wa Kenya hesabu ni fupi zaidi, kwa sababu huko gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa kabisa.

Matairi ndipo watu wanapobania fedha pasipostahili. Gari la kawaida lenye matairi mazuri hufika mahali ambapo gari kubwa lenye matairi ya kipara hukwama. Epuka rimu kubwa zenye tairi jembamba ubavuni, kwa sababu jiwe moja linatosha kupasua ubavu au kupinda rimu, na ukienda mchangani hakuna nafasi ya kupunguza upepo. Mwenye tairi lenye ubavu mnene anaweza kushusha upepo hadi karibu PSI 18, tairi likapanuka na kuelea juu ya mchanga, kisha akaujaza tena kwa pampu ndogo kabla ya kurudi barabarani. Soma pia tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Halafu fungua buti uone tairi la akiba. Magari mengi ya karibuni huja na kitairi chembamba cha dharura au chupa ya dawa ya kuziba pancha, na kwenye njia ya kwenda Ziwa Natron hakuna kati ya hivyo viwili kitakachokufaa.

Nenda na tepu ya kupimia, na ikiwezekana nenda na baiskeli yako. Laza viti vya nyuma uone kama sakafu inakuwa sawa au inabaki na ngazi katikati, kisha ulale humo mwenyewe bila kuona haya mbele ya muuzaji. Toyota Probox, ambayo wengi huiona gari la kubebea mikate na mayai, ina sakafu bapa yenye urefu wa karibu mita 1.8 viti vikilazwa, spea zake zinapatikana kila mji, na toleo la magurudumu manne lipo. Kama safari zako ni za baiskeli na uvuvi kwenye barabara nzuri, ni vigumu kuipinga. Vitu vikikosa nafasi ndani na ukalazimika kuweka keria juu, soma kwenye kitabu cha gari uzito unaoruhusiwa na paa, ambao mara nyingi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, na ujue kwamba mzigo wa juu huongeza mafuta na kulifanya gari liyumbe kwenye kona. Angalia pia kama buti lina pazia la kufunika mizigo, kwa sababu utaliacha gari mwanzoni mwa njia ya miguu kutwa nzima.

Mwisho ni ukaguzi, na hapa mpe fundi usukani wa mazungumzo. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo kutu huanza chini, mahali ambapo picha za mnada hazionyeshi. Gari linyanyuliwe na chasisi igongwe kwa bisibisi. Kama giaboksi ni ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, ulizia historia ya mafuta yake na uipandishe mlima mrefu ukiwa na abiria. Gari lenye magurudumu manne lijaribiwe kweli: tafuta mahali pa vumbi au mchanga, unganisha magurudumu yote, zungusha usukani hadi mwisho na usikilize mlio wa tak-tak kwenye joint za mbele. Muuzaji akikataa gari lake litoke kwenye lami hata kwa mita mia, mrudishie ufunguo.