Ukilinganisha kodi ya majengo kati ya kaunti za Texas, anza na anwani

Mimi na mume wangu tulipokuwa tukitafuta nyumba karibu na Houston, nilitazama kiwango cha kaunti ya Harris na cha Fort Bend, nikaona vinakaribiana, nikaridhika. Kumbe nilikuwa nimelinganisha kipande tu. Texas ina kaunti 254, na kwenye bili kaunti ni mdai mmoja kati ya kadhaa. Wilaya ya shule ndiyo mara nyingi huchukua fungu kubwa. Kuna pia jiji, chuo, hospitali. Nje ya mipaka ya jiji, kodi ya jiji haipo, lakini kwenye mitaa mipya utakuta MUD, wilaya inayolipisha wakazi gharama za mabomba ya maji na maji taka.

Kwa hiyo ingia tovuti ya ofisi ya ukadiriaji ya kaunti, andika anwani ya nyumba, upate wote wanaoitoza na viwango vyao. Huandikwa kwa kila dola 100 za thamani. Cha shule kiweke pembeni, vingine vijumlishe. Sababu ni msamaha: kwa nyumba unayoishi mwenyewe, kuanzia kodi ya mwaka 2025, dola 140,000 za thamani hazitozwi kodi ya shule.

Chukua nyumba mbili za dola 300,000, zote shule ni 1.00. Shule itatoza kodi kwenye dola 160,000 zilizobaki, yaani dola 1,600. Ya kwanza, vingine vyote ni 1.00: dola 3,000, jumla 4,600. Ya pili ina MUD, vingine vinafika 1.70: dola 5,100, jumla 6,700. Tofauti ni dola 175 kila mwezi, na zinaweza kutokea ndani ya kaunti ileile.

Bili ya mwenye nyumba wa sasa isikutulize hata kidogo. Thamani anayotozwa kwa makazi yake haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na akifikisha miaka 65 kodi yake ya shule huwekewa kikomo. Ukinunua wewe, kinga hizo hazikufuati. Mwaka unaofuata hesabu huanza upya. Nyumba mpya kabisa ni hatari zaidi, maana bili ya mwaka jana huenda ilikuwa ya kiwanja kitupu.

Ukishahamia, omba msamaha wa makazi kwenye ofisi hiyohiyo ya ukadiriaji. Fomu ni bure.