Kabla Hujarundika Terabaiti Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia

Usianze kwa kununua diski. Anza kwa hesabu. Saa moja ya video ya 4K iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inameza gigabaiti 45. Picha ghafi (RAW) moja ya kamera ya megapikseli 24 huwa kati ya megabaiti 25 na 50, kutegemea jinsi ilivyogandamizwa. Jumlisha ulicho nacho leo, ongeza utakachozalisha kwa miaka mitatu, kisha hakikisha moja ya tano ya nafasi inabaki tupu, maana diski iliyojaa pomoni hupungua kasi na programu za nakala huanza kukwama. Diski ya terabaiti 8 ikijionyesha kwenye Windows kuwa 7.27, hujaibiwa: kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

Ukishajua ukubwa, gawa mafungu matatu. La kwanza ni vitu ambavyo vikipotea havipatikani tena: picha za familia, video ulizorekodi mwenyewe, nyaraka, kazi zako. La pili ni vinavyoweza kutengenezwa upya kwa jasho. La tatu ni vya kupakua tu, kama michezo na programu. Fungu la kwanza mara nyingi ni dogo kuliko watu wanavyodhani, na ndilo linalostahili gharama na usumbufu wote unaofuata. La tatu lisikunyime usingizi.

Kanuni inayojulikana ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Faili asili inahesabiwa kuwa nakala ya kwanza. Folda mbili ndani ya diski moja ni nakala moja, na diski moja iliyokatwa ikawa C na D ni nakala moja vilevile. Diski ya nje inayokaa kwenye droo chini ya kompyuta ni nakala ya pili siku za kawaida, lakini siku ya moto, mafuriko au mwizi haihesabiki. Machi 10, 2021 kituo cha seva cha OVH, kampuni ya kukodisha seva, huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wapo wateja waliopoteza data pamoja na nakala zake kwa kuwa vyote vilikuwa eneo lilelile. Basi nunua diski mbili za nakala badala ya moja. Moja ikae nyumbani, nyingine ikae kwa ndugu au ofisini ikiwa imefungwa kwa nenosiri, na uzibadilishane kila mwezi.

RAID, yaani diski kadhaa kuunganishwa zifanye kazi kama moja, si nakala. Inakuwezesha kuendelea kufanya kazi diski moja inapokufa, basi. Ukifuta folda, inafutika kwenye diski zote kwa sekunde ileile. Virusi vikisimba faili zako (kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo), RAID itatunza kwa uaminifu mkubwa faili zilizosimbwa. Hatari nyingine iko kwenye ujenzi upya, yaani kuijaza diski mpya iliyowekwa mahali pa iliyokufa. Chukua RAID 5 ya diski nne za terabaiti 8: moja ikifa, lazima zile tatu zilizobaki zisomwe zote, terabaiti 24, bila kukosea. Diski nyingi za nyumbani hutajwa na watengenezaji kuwa na kosa lisilosomeka lisilozidi moja kwa kila biti 10^14, yaani takriban terabaiti 12.5. Hicho ni kikomo cha kwenye karatasi, na diski nyingi hufanya vizuri zaidi, lakini usijenge nyumba juu yake. Kumbuka pia kwamba diski zilizonunuliwa siku moja kutoka shehena moja zimezeeka pamoja, na saa nyingi za kusoma mfululizo ndizo huiangusha ya pili. Kwa nyumbani, diski mbili zinazoakisiana zinatosha watu wengi. Ukifika diski tano kubwa, tumia RAID 6 inayovumilia vifo viwili.

Soma karatasi ya vipimo kabla ya kulipa, utafute neno CMR au SMR, namna mbili za kuandika data kwenye diski ngumu. Katika diski ya SMR njia za data zimelaliana kama vigae vya paa, kwa hiyo kuandika upya kigae kimoja kunalazimu kuandika na vinavyokifuata. Kwa diski ya nakala inayojazwa mara moja na kuwekwa kando, haina neno. Kwenye RAID au ZFS (mfumo wa faili wenye RAID yake ndani) ni balaa: ujenzi upya wa siku moja unaweza kuvutika hadi wiki, na mfumo ukaitoa diski nzima ukidhani imekufa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba watengenezaji wakubwa walikuwa wakiuza diski za namna hii bila kusema, zikiwamo zilizotangazwa kwa ajili ya NAS (kasha la diski linalounganishwa na mtandao wa nyumbani). Usikisie kwa jina la bidhaa. Angalia namba kamili ya modeli.

Diski mpya isipewe data siku hiyo hiyo. Endesha jaribio refu la SMART (diski kujipima afya yenyewe), kisha ijaze yote na kuisoma yote. Flashi na kadi za kumbukumbu zipime kwa programu ya H2testw au F3, kwa sababu zipo zinazojitangaza kuwa na terabaiti 2 na ndani zina gigabaiti 32. Faili zinazozidi hapo huonekana zipo, majina yote yapo, ila ukizifungua hakuna kitu. Baada ya hapo, kila mwezi tupia jicho namba tatu za SMART zinazohesabu sehemu mbovu za diski: 5, 197 na 198. Ya 197 ikipanda kutoka sifuri, hamisha data leo, usingoje Jumamosi. Ya 199 (makosa ya mawasiliano) ikipanda, badilisha kebo kwanza kabla ya kuilaumu diski.

SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) na flashi si vya kufungia kabatini kwa miaka. Kiwango cha JEDEC, chombo cha viwango vya chipu za kumbukumbu, kinaitaka SSD ya nyumbani iliyofikia mwisho wa uwezo wake wa kuandikwa itunze data mwaka mmoja tu bila umeme, kwenye nyuzi 30 za selisiasi, na joto likizidi muda unapungua. SSD ambayo haijatumika sana hudumu zaidi ya hapo, lakini kwa kumbukumbu za muda mrefu diski ngumu ya kuzunguka bado ndiyo yenye nafuu.

Kuhusu kufomati, yaani kuchagua mpangilio wa faili wa diski: FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo video ndefu zitagoma. exFAT inasomeka kwenye Windows na Mac, ila haina kumbukumbu ya miamala (daftari la mabadiliko yanayoendelea), hivyo ukichomoa kebo katikati ya kuandika unaweza kupoteza folda nzima. Bonyeza kutoa kwa usalama. Kila mara.

Kusawazisha nako si kuhifadhi nakala. Folda inayojisawazisha na mtandaoni huchukua kosa lako na kulipeleka kila kifaa, haraka kuliko utakavyoligundua. Unachohitaji ni matoleo ya nyuma: saba ya kila siku, manne ya kila wiki, kumi na mawili ya kila mwezi ni mwanzo mzuri. Programu za restic, Borg na Time Machine hutunza matoleo bila kurudia kuhifadhi kile ambacho hakikubadilika. Na angalau diski moja iwe imechomolewa muda wote isipokuwa wakati wa kunakili. Virusi vya kudai fidia, kama WannaCry iliyosambaa Mei 2017, husimba kila diski inayoonekana kwenye kompyuta, na diski ya nakala iliyochomekwa siku zote ni diski kama nyingine.

Wingu? Piga hesabu ya kasi ya kupakia, si ya kupakua. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti moja inachukua zaidi ya siku tisa bila kupumzika. Terabaiti nne ni zaidi ya mwezi. Peleka fungu la kwanza tu, lisimbe kwanza kwa restic au rclone, na usilifanye wingu kuwa nakala pekee: mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulitangaza kwamba muziki uliopakiwa kati ya 2003 na 2015 ulipotea wakati wa kuhamisha seva.

Sasa jambo ambalo karibu kila mtu hulikwepa: kujaribu kurejesha. Januari 31, 2017, usiku, mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata zilizokataa kulingana. Alikusudia kufuta folda ya data kwenye seva ya pili. Akaifuta kwenye ya kwanza, ile iliyokuwa ikihudumia watumiaji. Alipositisha amri, kwenye takriban gigabaiti 300 zilibaki 4.5. Mpaka hapo ni ajali ya kawaida tu, na kampuni ilikuwa na njia tano za kunakili. Wakaenda kutazama moja baada ya nyingine. Ile ya kila siku ilikuwa inaendeshwa na programu ya toleo la 9.2 huku hifadhidata ikiwa ya 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila mara, na mahali pa kuhifadhia palikuwa patupu. Taarifa za kushindwa zilikuwa zikitumwa kwa barua pepe. Seva ya barua ilizikataa kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Hakuna aliyeona chochote, na kwa kuwa hakuna aliyeona chochote, wote waliamini mambo yako shwari. Kilichowaokoa ni picha ya diski (nakala ya hali yake yote ya wakati huo) ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kuirejesha kulichukua takriban saa 18. Vilivyoingizwa ndani ya zile saa sita, zikiwamo akaunti mpya zipatazo 700, havikurudi.

Wale ni wahandisi wa kulipwa. Nyumbani ukimya wa namna hii ni rahisi zaidi. Diski ya nje iliyokuwa E inageuka F baada ya kuchomeka flashi, na kazi ya usiku inashindwa miezi minne. Au kwenye Linux diski ya nakala haijaunganishwa, programu ya kunakili ya rsync inaandika ndani ya folda tupu yenye jina lilelile hadi diski ya mfumo ifurike. Kibaya kuliko vyote: diski *asili* haijaunganishwa, rsync yenye `--delete` inaona chanzo ni kitupu, na kwa utiifu inaifuta nakala yote ilingane nacho. Dawa yake ni mistari miwili. Skripti ianze kwa `mountpoint -q` (amri inayoangalia kama diski imeunganishwa) kwa chanzo na kwa nakala, na isimame papo hapo kimoja kikikosekana. Kisha usitegemee ujumbe wa kushindwa. Dai ujumbe wa kufanikiwa, wenye idadi ya faili na ukubwa. Siku ujumbe usipofika, ndiyo siku ya kuchunguza.

Jaribio lenyewe lifanye kila miezi mitatu, na ulifanye kwenye kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuiona data hiyo. Sakinisha programu ya nakala upya. Ingiza nenosiri kutoka pale ulipoliandika, si kutoka kichwani. Rejesha folda moja kubwa na faili moja iliyofutwa mwezi uliopita. Fungua video na uiruke hadi mwisho, fungua picha kwa ukubwa kamili. Kuona vijipicha tu hakutoshi. Kwa wingi wa faili, tengeneza orodha ya `sha256sum` (alama ya kipekee ya kila faili) upande wa asili na uihakiki upande wa pili. Watumiaji wa restic waendeshe `restic check --read-data-subset=10%`, kwa sababu `check` peke yake huangalia mpangilio bila kusoma data yenyewe. Pima muda pia: terabaiti 8 kupitia USB 2.0, kwa megabaiti 35 kwa sekunde, ni saa zipatazo 63. Wengi hugundua hapa kwamba walinakili picha na kusahau katalogi yake, na maelezo ya miaka kumi yamebaki kwenye diski iliyokufa.

Usimbaji unakudai nidhamu hiyohiyo. Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (usimbaji wa Windows) una tarakimu 48. Uchapishe kwenye karatasi, na karatasi isikae kwenye begi moja na kompyuta. Kwa LUKS (usimbaji wa Linux), tunza nakala ya kichwa chake, sehemu ya mwanzo yenye funguo, kwa `cryptsetup luksHeaderBackup`, maana kichwa kikiharibika hata nenosiri sahihi halifungui. Zipo pia diski za nje ambazo kasha lenyewe ndilo linalosimba: ubao wa kasha ukiungua, diski nzima ndani yake haisomeki kwenye kasha jingine. Na mtu mmoja nyumbani zaidi yako ajue nenosiri liko wapi.

Weka UPS (betri ya akiba ya umeme) kwa NAS, na usisahau kuunganisha kebo yake ya USB ili NAS ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha. Bila kebo hiyo umenunua dakika kumi za matumaini. Andika kwa wino kwenye kila adapta ni ya kifaa gani. Diski za nje za inchi 3.5 hutumia volti 12, adapta nyingi za kompyuta za mkononi hutoa 19, na plagi zinaweza kuingiliana vizuri kabisa.

Mengine ni ya kawaida. Usisogeze diski inayozunguka, isubiri isimame. Diski za kabatini ziwashe walau mara mbili kwa mwaka na uzisome. Ukipanga kutumia programu ya kusafisha faili zinazojirudia, fanya hivyo baada ya nakala zote tatu kuwa kamili na kujaribiwa, kwa sababu programu hizo hazijui ipi kati ya mbili ndiyo nakala yako. Diski ya zamani usiipe mtu wala kuitupa kabla ya kuiandika upya yote, na usiiandike upya kabla ile iliyochukua nafasi yake haijapita jaribio la kurejesha.