Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi ukaanze biashara

Kwa aliyeajiriwa Tanzania na analipwa kwa mwezi, notisi ya kuacha kazi ni siku zisizopungua 28, kwa maandishi. Ukigoma kufanya kazi siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata mshahara wa siku hizo kwenye stahiki zako za mwisho. Kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka kisheria ni cha anayeachishwa, si anayeacha mwenyewe, kwa hiyo usikipigie hesabu ya mtaji. Dai malipo ya likizo usiyochukua na cheti cha utumishi.

Linaloumiza wengi ni mkopo wa mshahara. Makato yakisimama, deni halisimami. Nenda benki ungali kazini, uliza salio la kufunga mkopo na masharti yanayobadilika mshahara usipopita kwao.

Halafu tenga fungu la nyumbani mbali na mtaji, akaunti nyingine kabisa. Kama nyumba inakula 700,000 kwa mwezi, miezi 6 ni 4,200,000. Kodi ya nyumba ihesabu pembeni, maana wenye nyumba wengi wanataka ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Ongeza na bima ya afya, ile ya kazini inaondoka na kazi.

Biashara ya kuuzia maofisi kwa mkopo, tuseme chakula au steshenari, iwekee miezi zaidi. Faida utaiona kwenye daftari huku ankara ziko mezani kwa mhasibu, na muuza mchele anataka hela yake leo.