Kufuma utepe wa kichwa wa rangi mbili usiobana

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa na jirani yangu mmoja wa hapa Kadutu, mjini Bukavu, mama anayejua kufuma kuliko wengi. Sweta za watoto anazifuma huku akipiga gumzo, bila hata kutazama mikono. Ila utepe wake wa kwanza wa rangi mbili uligoma kupita masikioni. Kwa mbele ulikuwa mzuri kabisa, almasi nyeupe juu ya bluu, zimepangana sawasawa. Nilipougeuza ndani nikaona nyuzi za nyuma zimekaza kama za gitaa. Vitanzi vilikuwa vya kutosha, rangi zilikuwa safi, kosa lote lilikuwa mgongoni, mahali ambapo mteja hatazami.

Kwa hiyo sehemu ya nyuzi za nyuma nimeiandika kwa urefu. Mengine nitayapitia haraka. Nachukulia unajua kuanzisha vitanzi, kufuma kitanzi cha kawaida na cha kinyume, kufuma kwa kuzunguka, na kufunga.

Uzi na sindano

Mabonge mapya ya akriliki yanapatikana sokoni, Kadutu hata Nyawera, na kwa mtu anayejifunza yanafaa. Lakini mimi napenda uzi wa kufumua kutoka sweta za mitumba. Ukipata sufu halisi, utepe unashika joto hata ukiloa mvua, na vitanzi vyake vinashikana vizuri kuliko vya akriliki, ambavyo vinateleza.

Kabla ya kulipia sweta, igeuze ndani utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kitambaa kimekatwa kwa mkasi kisha kingo zikazungushiwa nyuzi za cherehani, iache. Kila mstari umekatwa, utapata vipande vifupi tu. Unayoitaka ni ile ambayo kila pande lilifumwa kwa umbo lake, kingo zake nzima, halafu yakaunganishwa. Fungua mshono, anza kufumua kutokea shingoni, zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, funga kwa kamba sehemu nne, loweka kwenye maji ya vuguvugu na uanike. Mikunjo itanyooka yenyewe.

Kujua kama ni sufu, choma kipande kidogo. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kidoleni. Akriliki inayeyuka, ikipoa inakuwa punje ngumu.

Jaribu pia kama rangi inachuja, hasa nyekundu na nyeusi. Lowesha uzi, ubane ndani ya kitambaa cheupe. Ukiacha alama, usiufume pamoja na nyeupe.

Sindano: ya waya, yaani ncha mbili zilizounganishwa kwa waya unaopindika, yenye urefu wa sentimita 40, namba 4 (unene wa milimita 4) kwa mchoro na 3,5 kwa bitana. Wapo wanaofumia spoki za baiskeli. Kwa soksi nzito sawa, lakini spoki ina unene wa milimita 2 hivi, na kwa kazi hii itakupa kitambaa kigumu kama ubao. Afadhali uchonge mianzi na kuipiga msasa mpaka ilainike.

Kipimo cha kichwa

Pima kichwa jinsi kitakavyovaa utepe. Mtu aliyesuka rasta nene hana kipimo sawa na siku aliyonyoa. Pitisha futi ya kushonea juu ya paji la uso, juu ya masikio, hadi kisogoni chini ya fundo la nywele. Vichwa vingi vya watu wazima viko kati ya sentimita 54 na 58. Punguza kama sehemu moja ya kumi, ili utepe ushike bila kushuka machoni. Kichwa cha 55 kinataka utepe wa 50.

Kwa uzi wa wastani mimi napata vitanzi 24 na mistari 28 kwa sentimita 10. Sentimita 50 ni vitanzi 120, na namba hiyo naipenda sana kwa sababu inagawanyika kwa 4, 5, 6, 8, 10, 12 na 24, kwa hiyo karibu mchoro wowote unaingia bila kubaki. Kwa mtoto tumia 96 au 108. Kwa kichwa kikubwa, 132. Ila angalia, 108 haigawanyiki kwa 8 wala kwa 10, na 96 na 132 nazo zinakataa 10.

Kipande cha majaribio kifume kwa kuzunguka na kwa rangi mbili. Kipande cha rangi moja, au cha kwenda na kurudi, kitakudanganya, maana mkono wa watu wengi unakaza zaidi ukibeba nyuzi mbili.

Rangi

Wengi wanachagua rangi zinazopendeza zikiwa kando kwa kando mezani. Nyekundu na kijani, kwa mfano. Ukizifuma kwa vitanzi vidogo, mchoro unapotea, kwa sababu zote mbili zina giza linalolingana. Weka mabonge mawili pamoja, piga picha kwa simu, uibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Kama hapo huwezi kuyatofautisha, mtu aliye ng'ambo ya barabara hataona mchoro wako. Fanya hivyo mchana. Taa ya usiku inageuza rangi.

Unaweza kutumia rangi tano au sita katika utepe mmoja, lakini katika mstari mmoja beba mbili tu. Hata wafumaji wa Fair Isle, kile kisiwa kidogo cha Uskoti kinachojulikana dunia nzima kwa sweta zake, kawaida yao ni rangi mbili kwa mstari, wakibadilisha jozi kadiri wanavyopanda.

Anza na bitana

Mimi sifumi utepe wa rangi mbili bila bitana. Nyuzi za nyuma zinanasa kwenye hereni, kwenye pini, kwenye ncha za rasta, na siku moja mtu anavua kwa haraka akavuta kitanzi kizima. Usitumie kitenge: hakitanuki, kitaua mnyumbuko wote uliouhangaikia. Fuma bitana yenyewe kwa uzi laini wa rangi moja.

Kwa sindano 3,5 anzisha vitanzi 112, unganisha duara, fuma kawaida mistari 26. Kisha mstari mmoja wa kinyume. Huo ndio mkunjo. Hamia sindano 4, na katika mstari unaofuata ongeza kitanzi kimoja kila baada ya vitanzi 14. Utafika 120.

Nyuzi za nyuma

Hapa ndipo kazi inapoharibika, na inaharibika kimya kimya, kwa sababu ukitazama mbele kila kitu ni kizuri.

Unapofuma kwa bluu, uzi mweupe unasubiri nyuma. Zamu ya nyeupe ikifika, uzi huo unaruka juu ya vitanzi vya bluu ulivyomaliza kufuma. Urefu wa mruko huo ndio urefu ambao utepe utaweza kutanuka mahali hapo, basi. Kitanzi kinanyumbuka, mruko haunyumbuki. Ukiwa na miruko iliyokaza, hata ukiongeza vitanzi kumi, utepe utabana tu.

Dawa ya kwanza: kila unapotaka kubadilisha rangi, simama. Vuta kwa vidole vitanzi ulivyomaliza kwenye sindano ya kulia, vitandaze mpaka vilale jinsi vitakavyolala kichwani, ndipo ufume kitanzi cha rangi mpya. Usiuvute uzi baada ya hapo. Wanaokaza sana si wenye nguvu za mikono. Ni wale ambao vitanzi vyao vya kulia vimesongamana kwenye ncha ya sindano. Mruko unapimwa juu ya msongamano huo, na ukiachia, unakuwa mfupi.

Dawa ya pili, na kwa yule jirani ndiyo iliyomaliza tatizo: geuza mrija ndani nje. Upande wa mchoro unatazama ndani ya duara, upande wa miruko uko nje, nawe unafumia kwenye ukingo wa mbali. Vitanzi vinabaki vya kawaida, huna cha kujifunza upya. Kinachobadilika ni kwamba miruko sasa inapita mzunguko wa nje, ambao ni mrefu kidogo kuliko wa ndani, kwa hiyo mruko unapata nafasi bila wewe kukumbuka. Ukitumia sindano nne fupi badala ya ya waya, njia hii ni ya lazima, kwa sababu kwenye kona kati ya sindano na sindano ndipo miruko inapokaza zaidi.

Mruko usizidi vitanzi vitano. Ukizidi, unase katikati: pitisha uzi unaofuma juu ya ule unaosubiri, mara moja, uendelee. Usinase kila kitanzi, kitambaa kinakuwa kigumu na rangi ya nyuma inachungulia mbele. Na usinase mahali palepale mstari baada ya mstari. Ukipanga minaso juu kwa juu, utaona mfereji umejichora mbele, na hautoki hata kwa kufua. Sogeza kitanzi kimoja au viwili kila mara.

Sasa mpangilio wa nyuzi. Moja ipite chini daima, nyingine juu daima, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ule wa chini unatoa vitanzi vikubwa kidogo, kwa hiyo rangi yake inajitokeza. Uwe wa mchoro. Ukibadilishana katikati ya kazi, almasi za nusu ya utepe zitang'aa na nyingine zitafifia, na mtu atadhani uzi ulitoka bonge jingine. Njia rahisi ya kutokosea ni kushika uzi wa mchoro mkono wa kushoto na wa msingi mkono wa kulia. Wengi wetu tumezoea kurusha uzi kwa mkono wa kulia peke yake, na mkono wa kushoto utakuwa mzito mwanzoni. Vumilia. Kuangusha uzi mmoja na kuokota mwingine kila baada ya vitanzi viwili kunasokota nyuzi, na utatumia muda mwingi kuzisokotoa kuliko kufuma.

Kila baada ya mistari minne au mitano, shika utepe kwa mikono miwili uvute. Kama hautanuki kupita kipimo cha kichwa kwa sentimita mbili hivi, fumua mpaka pale ulipokuwa sawa. Usijiambie kwamba kufua kutaulegeza. Sufu italegea kidogo, akriliki haitalegea kabisa.

Michoro

Katika michoro hii x ni rangi ya mchoro na nukta ni msingi. Soma kutoka kulia kwenda kushoto, ukianza na mstari 1. Inarudiwa mpaka duara liishe.

Madoa, vitanzi 4. Ndiyo ya kuanzia. Wanorwei wa bonde la Setesdal wanajaza sehemu kubwa ya sweta kwa madoa kama haya:

1: x...
2: msingi mtupu
3: ..x.
4: msingi mtupu

Vilima, vitanzi 6. Miruko haizidi vitanzi vitano, na vinafaa kwa ukingo au kwa utepe mwembamba wa mtoto:

1: xxxxx.
2: .xxx..
3: ..x...

Almasi, vitanzi 10. Hii niliipanga nikiwaza vitambaa vya rafia vya Wakuba wa Kasai, ambavyo mistari yake inapigana kona na kuingiliana:

1: x...xxx...
2: xx...x...x
3: .xx.....xx
4: ..xx...xx.
5: ...xx.xx..
6: x...xxx...

Baada ya mstari 6 rudi nyuma: 5, 4, 3, 2, 1. Rudia mara moja tena kuanzia mstari 2 na utakuwa na mistari 21. Weka mistari mitatu ya msingi chini na mitatu juu, jumla 27, karibu sentimita 10. Inafunika masikio vizuri.

Ukishaizoea, nenda kwenye nyota ya pembe nane ya Selbu, huko huko Norwei, ambayo Marit Emstad aliifuma kwenye glavu mwaka 1857 na kijiji kizima kikaifuata. Ipange ndani ya vitanzi 24, nyota tano kwa utepe wa 120. Miruko yake ni mirefu, utanasa sana, na ndiyo maana siipendekezi kwa mara ya kwanza.

Mwanzo wa duara mchoro utaruka ngazi moja. Ni kawaida ya kufuma kwa kuzunguka. Weka mwanzo huo kisogoni.

Kumalizia

Katika mstari wa mwisho wa msingi, fuma vitanzi 13, unganisha viwili, rudia hivyo hadi mwisho. Unarudi 112. Usifunge. Ficha ncha zote ndani, kunja kwenye ule mstari wa kinyume, kisha kwa sindano butu shona kila kitanzi kilicho hai kwenye kitanzi mwenzake cha mwanzo wa bitana. Shona kwa ulegevu, maana mshono ukikaza hapa kazi yote ya miruko imekwenda bure.

Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo bila kusugua, kwa sababu sufu ikisuguliwa kwenye maji ya moto inagandamana na kusinyaa. Kamua ndani ya taulo. Vika kwenye sufuria yenye mzunguko sawa na wa utepe, sentimita 50 kwa huu wa vitanzi 120, uache kivulini mpaka ukauke kabisa. Msimu wa mvua unaweza kuchukua siku mbili. Akriliki usiipige pasi, inalala na haiinuki tena.

Kwa motari, dereva wa pikipiki, anayetaka utepe wa kuvaa chini ya kaske, yaani kofia ya pikipiki, fuma bila bitana, mistari 21 ya almasi peke yake, na unase miruko yote inayofika vitanzi vitano. Kaske haina nafasi ya tabaka mbili.