Nyayo Bapa: Jinsi ya Kuzipima Nyumbani na Wakati wa Kutafuta Tiba

Kabla ya kutoa fedha kununua viatu vya kurekebisha miguu, lowesha unyayo kwa maji, ukanyage sakafu kavu ya saruji kwa uzito wako wote, kisha uondoe mguu taratibu. Unyayo wenye uvungu, yaani upinde wa upande wa ndani usiogusa sakafu, huacha alama iliyokatika upande wa ndani, kati ya kisigino na shina la kidole gumba, ilhali unyayo bapa huacha alama pana iliyojaa. Alama hiyo inaonyesha umbo tu wala haithibitishi ugonjwa, kwani watu wengi wenye nyayo bapa hutembea, hulima na kukimbia bila maumivu yoyote, na hao hawahitaji tiba.

Kipimo chenye maana zaidi ni kusimama kwa ncha za vidole huku mtu mwingine akikutazama kwa nyuma. Uvungu ukijitokeza na visigino vikageukia ndani, nyayo zako ni nyumbufu, yaani hunyumbuka kwa urahisi, na hali hiyo kwa kawaida haina madhara. Uvungu usipoonekana kabisa, au unyayo ukiwa umekakamaa na wenye maumivu, hasa kwa mtoto anayekaribia kubalehe, huenda baadhi ya mifupa ya mguu imeungana tangu kuzaliwa, na hapo inafaa daktari wa mifupa aagize picha ya eksirei.

Wazazi ndio wanaohangaika zaidi, mara nyingi bila sababu. Karibu kila mtoto mchanga ana nyayo bapa, kwa kuwa uvungu umefunikwa na mafuta na kano zake bado ni laini. Uvungu hujijenga taratibu, kwa wengi kabla ya kutimiza miaka 10. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1989 uliwafuatilia kwa miaka 3 watoto wadogo wenye nyayo bapa nyumbufu, na waliovalishwa viatu maalumu hawakuwazidi wale waliovaa viatu vya kawaida. Nchini India, uchunguzi wa watoto 2,300 uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta nyayo bapa kwa asilimia 8.6 ya waliovaa viatu, dhidi ya asilimia 2.8 ya waliotembea peku. Kwa hiyo mtoto anayecheza peku mahali salama asikemewe kwa ajili ya nyayo zake.

Kwa mtu mzima mambo ni tofauti, hasa ikiwa unyayo uliokuwa na uvungu umeanza kulala, tena upande mmoja. Mara nyingi chanzo ni kuchakaa kwa kano inayopita nyuma ya kifundo cha mguu upande wa ndani na kuushikilia uvungu. Sehemu hiyo huuma na kuvimba, na hatimaye mgonjwa hushindwa kuinua kisigino akisimama kwa mguu huo pekee. Unene, kisukari na shinikizo la damu huongeza hatari. Usingoje mpaka uchechemee. Kano iliyowahiwa hutibika kwa urahisi zaidi.

Kwa maumivu ya kawaida, anza na mazoezi. Shika ukuta, rudisha mguu mmoja nyuma huku vidole vikielekea mbele, goti likiwa limenyooka na kisigino kikigusa sakafu, kisha egemea mbele kwa sekunde 30. Rudia mara 3 kwa kila mguu. Halafu keti, ukanyage sakafu, na uvute shina la kidole gumba kuelekea kisigino bila kukunja vidole, mpaka uvungu uinuke. Zoezi hili la pili ni gumu kuliko linavyosikika, na wengi huishia kukunja vidole.

Ukuta wa nyuma wa kiatu, unaozunguka kisigino chako, uwe mgumu usiobonyea ukiuminya kwa vidole. Ukinunua kiatu cha mtumba, kigeuze kwanza: soli iliyolika upande wa ndani itaulaza mguu wako kama ulivyolala wa aliyekivaa kabla yako. Kandambili bapa hazifai kwa safari ndefu ikiwa miguu inauma. Soli za ndani zenye kuinua uvungu hupunguza maumivu, ingawa haziumbi uvungu mpya, na hutengenezwa katika karakana za viungo bandia za hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijichagulie soli ngumu, maana zinaweza kumchubua asisikie. Upasuaji ni kwa wachache ambao maumivu yao hayakupungua baada ya miezi kadhaa ya mazoezi, viatu vinavyofaa na soli.