Somo: Kuokoa stesheni ya zamani bila kuimaliza kwa saruji

Nimeulizwa inbox mara nyingi mno jinsi tunavyookoa stesheni yetu, kwa hiyo naandika mara moja, mwenye kuuliza aulize hapa chini. Sisi ni kikundi cha msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, watu kumi na watatu siku ambayo hakuna msiba, tunaotunza stesheni ndogo kwenye njia ya Tanga kwenda Muheza. Jina lake nalihifadhi kwanza, kibali cha awamu ya pili hakijatoka. Kipande hiki ndicho cha kwanza kutandikwa reli Tanzania bara. Wajerumani walianzia Tanga 1893 wakafika Muheza 1896, kilomita 40 kwa miaka mitatu. Kampuni iliyokuwa inajenga ikaishiwa fedha, na 1899 serikali yao ikachukua mradi. Moshi wakafika 1911.

Hatua ya kwanza: mjue mwenye nyumba

Jengo kutelekezwa si kukosa mwenyewe. Stesheni na eneo lake viko chini ya Shirika la Reli Tanzania, kwa hiyo barua inaanzia huko, ikipitia serikali ya kijiji na kugongwa muhuri. Andikeni mtakachofanya, na zaidi mtakachoacha kufanya: hatutabomoa, hatutapanua, hatutapangisha. Sisi aya hiyo ya pili ndiyo iliyotufungulia mlango.

Wengi wanadhani jengo la Mjerumani linalindwa na sheria lenyewe tu. Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayapa kinga ya moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La baada ya hapo linahitaji tangazo la waziri. Cha kuchekesha, mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 unalindwa. Kwa hiyo nyumba ya Pangani inaweza kuwa na mlango wenye ulinzi, na stesheni ya miaka mia na zaidi isiwe nao.

Hatua ya pili: kalamu kabla ya koleo

Msiguse kitu kabla ya kukipiga picha. Kila ukuta, kila bawaba, kila ufa, na rula pembeni ili ukubwa uonekane. Halafu waiteni wazee. Tulimleta mstaafu mmoja wa reli, tukampa kiti kivulini, tukadhani atatusimulia habari za treni. Akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la tiketi, akapitisha kidole gumba juu ya kizingiti. Ubao una bonde, laini kama ndani ya kijiko. "Hapa ndipo sarafu zilipokuwa zinasukumwa," akasema. Tulikuwa tumeshaandika ubao huo kwenye orodha ya kubadilishwa. Tukaufuta kwenye orodha siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: maji

Kama mna hela ya kazi moja tu, iwe hii. Nyumba za zamani haziuawi na uzee, zinauawa na maji ya mvua yanayoingia juu na kukaa chini. Pandeni bati kwa bati, zibeni matundu ya misumari, rudisheni magata, kisha chimbeni mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Mche wa mtini ulioota ukutani msiung'oe kwa nguvu, utatoka na mawe. Ukateni, mzizi uachwe ukauke. Yote haya yaishe Februari, maana masika ya Tanga haisubiri kikao.

Hatua ya nne: ukuta, na kosa letu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipoharibu wenyewe. Mwaka wa kwanza mfadhili mmoja alitupa mifuko sita ya saruji. Nani akatae? Tukapiga lipu ukuta wa upande wa jua, ukang'aa, tukapiga picha. Masika ya pili ukaanza kutoa sauti ya debe tupu ukiugonga. Baadaye lipu ikaanguka kwa mapande makubwa kama chapati, na nyuma yake ikabeba ganda zima la jiwe la matumbawe. Kilichobaki kilikuwa unga mweupe. Ukionja ulimini, chumvi.

Maelezo yake ni haya. Ukuta wa mawe na chokaa unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu kupitia lipu. Saruji inaziba njia hiyo. Unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi yake, chumvi inaganda na kuvimba nyuma ya lipu, na kinachopasuka ni kile kilicho laini zaidi, yaani jiwe lenu la zamani.

Tumieni chokaa. Ya mfuko irowekeni kwenye pipa angalau wiki moja, ikikaa zaidi ndiyo nzuri, hadi iwe kama siagi. Changanyeni kipimo kimoja cha chokaa na vitatu vya mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani marufuku, mtakuwa mnapaka chumvi kwa mikono yenu. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka jembamba, lisizidi unene wa kidole, kisha lifunikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa haikauki kama nguo. Inakomaa kwa kunyonya hewa ya ukaa, na ikiharakishwa na jua inapasuka. Fundi aliyezoea saruji atawaambia mnapoteza muda. Mpeni chai, aendelee kuroweka.

Mkipata chokaa mbichi ya tanuri, mwageni chokaa kwenye maji, kamwe si maji kwenye chokaa. Inachemka na kuruka. Miwani na glavu bila mjadala.

Hatua ya tano: mbao na vyuma

Kenchi zichokonoeni kwa bisibisi. Pakizama, pana mchwa. Kateni kipande kilichooza tu, muunge. Vyuma vyote andikeni namba na mfungie ndani, maana mnunuzi wa chuma chakavu huwa anafika kabla ya mgeni rasmi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada wa Chumbageni: Mwalimu, tukimaliza lipu tupake rangi ya maji ya dukani?*
Hapana dada, nyingi zinaziba ukuta kama saruji. Pakeni chokaa iliyozimuliwa, mikono mitatu au minne.

*Kijana wa Muheza: Shikamoo. Kwa nini tuhangaike na jengo la mkoloni aliyetuchapa viboko?*
Marahaba, na umeuliza vizuri kuliko wote. Mimi simhifadhii Mjerumani kitu. Tuta lile lilichimbwa na mikono ya watu wa huku, na mkonge ulioijaza reli hii miongo na miongo ulikatwa na manamba, watu walioitwa kwa namba ya kipande, yaani kadi ya kazi, badala ya jina. Majina mengi hayakubaki mahali popote. Kizingiti kile chenye bonde kimebaki. Ukinionyesha kumbukumbu yao nyingine hapa kijijini, nitaweka mwiko chini nikaitunze hiyo.

*Mama wa Pongwe: Treni ya abiria ya Moshi iliyorudi 2019, itasimama kwenu?*
Ndoto hiyo tunayo, mama, ila njia yake haitufikii. Inatoka Dar es Salaam, pale Ruvu inashika tawi lililofunguliwa 1963, inaunga reli yetu pale Mnyusi, halafu inashika Korogwe. Sisi tuko upande wa pili, wa kuelekea Tanga.

*Fundi wa Ngamiani: Ile lipu ya saruji mliibandua?*
Iliyolegea tu, kwa patasi na nyundo ndogo. Iliyoshika tumeiacha, kuing'oa kungevunja mawe zaidi. Tumekata ukanda chini yake, kimo cha goti, ukuta upate pa kupumulia.

*Mwanachama wa Maramba: Nije lini nijifunze kwa mikono?*
Jumamosi ya kwanza baada ya masika, saa moja asubuhi. Njoo na ndoo yako na kofia. Na maji ya kunywa ubebe, ya kisima chetu yana chumvi.